Tyrrell ya magurudumu sita chini ya lenzi ya fundi saa

Mimi ni fundi saa wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa hivyo kitu kidogo hakinitishi. Lenzi ninayo, kibano ninacho, na mkono alhamdulillahi bado hautetemeki. Juzi vyote hivyo nilivifanyisha kazi ya gari la mfano: Tyrrell P34, gari la mashindano la 1976, kwa kipimo cha 1:43, yaani limepunguzwa mara 43, linakaa kiganjani. Niliinunua katika kiduka kimoja kando ya Biashara Street. Bei ilianzia shilingi 5,500, tukavutana hadi 4,800.

Kijana wa dukani alikuwa haijui. "Ami, hizi si tuktuk mbili zimegandishwa?" Sikumlaumu. Sisi tumelelewa na Safari Rally, gari lije na tope hadi kwenye paa. Langalanga, zile zenye magurudumu nje na kofia ya dereva ikichungulia juu, tumezionea kwenye televisheni tu. Na hii iliwashangaza hata wenyewe: magurudumu manne madogo mbele, mawili makubwa nyuma. Mhandisi wake, Derek Gardner, aliyapa ya mbele rimu za inchi 10 ili yajifiche nyuma ya pua ya gari yasipigane na upepo. Gurudumu dogo hushika njia kidogo, basi akayafanya manne. Mwaka huohuo wa 1976, kule Anderstorp, Sweden, Jody Scheckter alishinda nayo, na mwenzake Patrick Depailler akaingia wa pili. Scheckter ni wa Afrika Kusini, na 1979 akawa bingwa wa dunia na Ferrari. Ndiyo sababu nikataka namba 3, ya kwake.

Sasa kazi yenyewe. Rangi ya buluu sina la kusema: nimeipitia yote kwa lenzi, sikuona mchirizi wala chembe ya vumbi iliyogandia ndani. Mistari ya manjano imenyooka. Injini ya Cosworth imekaa wazi nyuma, na mabomba yake ya moshi yamejikunja bila kugusana, kazi ambayo mimi mwenyewe ingenitoa jasho. Hapo nilitabasamu peke yangu.

Kisha nikaiweka juu ya kioo. Gurudumu moja la mbele, la pili upande wa kushoto, lilikuwa likielea. Nilipitisha karatasi chini yake bila kukwama. Gari limejulikana duniani kwa magurudumu yake ya mbele, nawe unaniuzia matatu na nusu! Kosa la pili lilinikera zaidi. Gari la kweli lilikuwa na vidirisha ubavuni mwa kiti, dereva aweze kuyaona magurudumu yake madogo. Hapa wamepaka rangi nyeusi tu. Scheckter wangu haoni kitu.

Gurudumu nimelitengeneza: nikafungua skrubu ya chini, nikaikunja ekseli kidogo kwa koleo, likatua. Vidirisha nimeviacha, maana kukwangua rangi pale ni kuharibu na iliyo nzuri.

Ila haya yote ningeyaona palepale dukani, laiti wangeniruhusu kufungua kasha. Kijana alisema, "Ukifungua, ushanunua." Mteja wangu ningemwambia hivyo kuhusu saa, angenicheka hadi Ngomeni.

Ukiinunua na unaishi Pwani, usiiache imekaa miezi juu ya kile kibao chake cha plastiki. Kwa joto letu mpira wa matairi hutoa mafuta, ukaila plastiki na kuacha alama. Yangu nimeitegea vioo bapa vya saa kuukuu, kimoja chini ya kila gurudumu, na rafu iko mbali na dirisha.

Kwa 4,000 ningeichukua bila kunung'unika. Kijana anasema wanatarajia ya 1977, ya dereva Ronnie Peterson. Nimemwambia nitakuja na kipande changu cha kioo, na kasha tutalifungua kabla sijatoa pesa mfukoni. Bado hajanijibu.