Vimeng'enya badala ya antibiotiki kwenye chakula cha kuku wa nyama: uzoefu wangu hapa Tanga

Nafuga kuku wa nyama Pongwe, na wateja wangu wakubwa ni wauza chipsi kuku wa Ngamiani. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi, soya, pumba za ngano, dagaa na mashudu ya alizeti. Wafugaji wengi huku hutia antibiotiki ya oksitetrasaiklini kidogokidogo kwenye maji hata kuku wakiwa wazima, eti wakue upesi. Mimi nimeachana nayo, natumia unga wa vimeng'enya, yaani protini zinazosaidia kusaga chakula tumboni; wangu una aina mbili, faitezi na zailanezi, na sirudi nyuma.

Kilichonishawishi ni maranda ninayotandika bandani. Pumba za ngano zina nyuzinyuzi ambazo tumbo la kuku haliwezi kuzivunja. Zinafanya chakula kinate tumboni, kinyesi kinatoka chepechepe, na kwa unyevunyevu wetu wa pwani maranda yanagandamana: juu gumu, chini mbichi. Ukiinama kukamata kuku, amonia inakuchoma macho. Zailanezi inazikatakata nyuzi hizo. Siku hizi nikifumbata maranda kisha nikaachia, yanamwagika. Nyayo za kuku hazina vile vidonda vyeusi, na wanunuzi wa miguu huziangalia kwanza kabla hata ya kuuliza bei.

Faitezi inafungua fosforasi. Karibu theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na mashudu imefungwa, kuku anaitoa kwenye kinyesi bila kufaidi. Ikifunguliwa unapunguza DCP, unga wa madini ya fosforasi na kalisi unaoongezwa kwenye chakula, ambayo ndiyo inayouma mfukoni.

Kuchanganya kunataka subira. Pakiti yangu inaelekeza gramu 500 kwa tani, yaani gramu 50 tu kwa kilo 100. Ukizimwaga juu ya lundo, kuku wengine hawataonja kabisa. Changanya kwanza na pumba kidogo, ongeza mpaka ndoo ijae, ndipo ugeuze lundo zima kwa sepetu. Maji ya moto usitie, vimeng'enya ni protini na joto kali linaviharibu. Anayenunua chakula cha kiwandani asome lebo kwanza, huenda vimo tayari.

Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba vinazuia koksidia, vimelea vinavyoshambulia utumbo wa kuku. Si kweli, wala si mbadala wa chanjo za kideri na Gumboro. Kuku akiugua ugonjwa wa bakteria na daktari wa mifugo akaandika antibiotiki, nampa dozi kamili na nasubiri siku zilizoelekezwa kabla ya kuchinja. Ninachokipinga ni kuwapa wazima. Bakteria wanaizoea dawa, na oksitetrasaiklini ni ukoo mmoja na doksisaiklini tunayoandikiwa sisi hospitalini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006. Kuku hawa wanaliwa na watoto wetu, kwa nini sisi tusubiri?

Uzito wa kuku haujapishana sana na wa zamani, ila gunia la chakula linachelewa kwisha, na hapo ndipo faida ilipo. Kasoro ni ujazo: pakiti ya kilo moja ikishafunguliwa inavuta unyevu haraka, nalazimika kuifungia kwenye ndoo ya mfuniko. Watutolee za gramu 100, sisi wa mabanda madogo tutanunua.