Kikokotoo cha Umbali wa Ndege: Songwe Mpaka Guangzhou

Ugonile, mdau! Niko dukani Mwanjelwa, kwa hiyo makelele ya bajaji tuvumiliane. Leo nachambua hivi vikokotoo vya bure vya kwenye simu: unaweka uwanja huu na uwanja ule, kinakupa umbali na muda wa ndege. Kila anayejiandaa kufuata mzigo China ananionyesha kimoja. "Kaka, saa 11 na nusu tu, kweli?"

Tupime wote. Naandika MBI, kifupi cha uwanja wetu wa Songwe, hapa Mbeya. Halafu CAN. Si Kanada jamani, ni Guangzhou! Haya: kilomita 9,400 hivi, saa 11 na nusu.

Kwa umbali nakipa 9 kati ya 10. Kinapima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ndiyo maana Songwe hadi Dar kinasema 690 wakati basi linakula zaidi ya 800. Angalieni tu kipimo. Changu kilikuja na maili, kikasema 430, nikadhani kimeharibika.

Kwenye muda, 4. Nikieleza mtanielewa. Kinachukua kilomita, kinagawanya kwa mwendo wa jeti, tuseme 850 kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Hakiulizi kama ndege yenyewe ipo! Songwe hakuna ya moja kwa moja kwenda Guangzhou, lazima ushukie Dar kwanza. Na hapo ukipangiwa Dash 8, ile ya mapangaboi, mwendo wake kama 650, ile saa moja na dakika 20 uliyopewa ya kufika Dar haitoshi. Dar hadi Guangzhou ni kilomita 8,700 hivi, karibu saa 11 nyingine. Upepo wa juu nao hakiujui: kwenda na kurudi namba ni ileile.

Halafu kuna kusubiri Dar, ambako kikokotoo hakihesabu kabisa. Mimi safari ya kwanza nilikata tiketi mbili mbalimbali, nikaacha saa mbili katikati, nikijiona mjanja. Asubuhi ile Songwe ukungu ukatanda. Ya Guangzhou nikaisikia tu imeondoka. Siku hizi naenda Dar siku moja kabla, nalala kwa dada.

Kingine ni saa. China wako mbele yetu kwa saa 5, na vikokotoo vingine vinakuonyesha saa ya kufika kwa majira ya kule. Mteja wangu mmoja, mama wa vitenge, simu ilimwandikia 2:45. Akampigia mpwa wake aliyeko kule: "Njoo unipokee saa tatu kasoro robo asubuhi." Kumbe ni mchana, saa tisa kasoro robo. Kijana wa watu alikaa uwanjani saa sita, na chai hakuwa amekunywa.