Koha na kile kiboksi cha skripti, uzoefu wangu wa miaka mitatu

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja huku Tanzania, sio chuo kikubwa, tuko wakutubi wanne na kijana mmoja wa IT ambaye idara zote zinamgombania. Katalogi yetu inaendeshwa na Koha. Leo sitaki kuongelea Koha nzima maana hapo tutakesha, nataka kuongelea kiboksi kimoja tu kilichomo ndani yake kinachoitwa OPACUserJS, yaani mahali pa kubandika skripti, mistari ya JavaScript inayobadilisha kurasa za katalogi anazoziona msomaji, kwa sababu naona maktaba nyingi zinaweka Koha, zinabadilisha logo na rangi, basi zimemaliza, halafu wanafunzi wakisema katalogi ngumu tunawalaumu wao.

Kwa asiyeijua, Koha ni programu huria ya kuendesha maktaba ilotengenezwa New Zealand, ilianza kazi mwaka 2000 kwenye maktaba za Horowhenua, na jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Leseni hulipii. Ila ukishaisimika inakuja na sura ile ile waliyonayo wenzako wote duniani, na hiyo sura haimjui mwanafunzi wako wala jengo lako.

Mimi nilianza baada ya binti mmoja wa mwaka wa kwanza kuja kaunta na simu yake, kwenye skrini kuna namba 896.392 na herufi tatu za mwandishi, akaniuliza dada hii ndo nini, ni bei au? Alikuwa anatafuta riwaya ya Kiswahili. Kitabu kipo, katalogi imemwambia kipo, na bado hajui aelekee wapi! Kwetu wakutubi 896.392 ni fasihi ya Kiswahili kwenye Dewey, mfumo wa namba wa kupanga vitabu, tunaisoma kama tunavyosoma saa, lakini kwake ni tarakimu tu. Nikasema hapana, hii lazima niirekebishe.

Sasa uzuri wa hiki kiboksi ni kwamba huhitaji kugusa seva. Unaingia Administration, System preferences, OPAC, unashuka mpaka OPACUserJS, unafungua, unabandika skripti yako, unasevu, unarifreshi katalogi, kitu kimeshabadilika. jQuery, msimbo uliokwisha andaliwa wa kufupisha JavaScript, imo tayari ndani ya Koha kwahiyo mistari inakuwa mifupi, na kila ukurasa una jina lake pale kwenye body, ile lebo ya HTML inayobeba ukurasa mzima, ukurasa wa kitabu kimoja unaitwa opac-detail, ukurasa wa mbele opac-main, kwahiyo unaweza kuiambia skripti ifanye kazi ukurasa huu tu, kwingine isiguse. Mimi sijasomea programu kabisa, nilijifunza kwa kunakili mifano kwenye wiki ya Koha, wana ukurasa mzima wa mistari ya jQuery ambayo wakutubi wa nchi mbalimbali wamechangia, unachukua unabadilisha maneno.

Skripti yangu ya kwanza inasoma namba ya rafu ya kitabu, inaangalia tarakimu tatu za mwanzo, halafu inaandika chini yake kwa Kiswahili cha kawaida: "Ghorofa ya pili, rafu ya 31, upande wa dirishani." Basi. Kinachochukua muda ni kuzunguka na daftari kuhesabu rafu zako zote, skripti yenyewe ni mistari michache sana. Siku ya pili tu niliona kijana anapanda ngazi huku anasoma simu, hakupita kaunta, akashuka na kitabu chake. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Baada ya hapo nikanogewa. Kile kitufe cha kuomba kitabu nikakibadilisha kikawa "Niwekee hiki kitabu", na watu wakaanza kukitumia, kumbe muda wote walikuwa wanakiona ila hawajui kinafanya nini. Nikaongeza kitufe cha WhatsApp, hiki ndo wanafunzi wanakipenda kuliko vyote, ukikibonyeza kinachukua jina la kitabu na namba ya rafu na linki vinakaa tayari kwenye meseji, unatuma kwenye grupu la darasa. Ni linki ya wa.me tu na maandishi mbele yake, ila kumbuka kuyapitisha kwenye encodeURIComponent, amri ya JavaScript inayogeuza alama maalumu zisivuruge linki, la sivyo kitabu chenye alama ya & kwenye jina kinakatika katikati, mimi ilinichukua jioni nzima kugundua.

Ukurasa wa mbele nimeweka vitabu vipya. Unaandika ripoti ndani ya Koha, unaifanya iwe ya wazi, halafu skripti inaisoma kupitia svc/report, anwani ya Koha inayotoa matokeo ya ripoti, na kuchora orodha. Hapa nakuomba uwe makini sana sana: ripoti ya wazi inasomwa na mtu yeyote bila kulogin, kwahiyo isiwe na jina la msomaji hata mmoja, wala namba ya simu, wala nani kaazima nini. Vitabu tu.

Tuje kwenye maumivu. Kiboksi ni kimoja na skripti zote zinakaa humo, ukisahau bano moja la kufunga, zote zinalala. Ilinitokea wiki ya mitihani, niliongeza mistari miwili haraka haraka mchana, ramani ya rafu ikapotea, WhatsApp ikapotea, vitabu vipya vikapotea. Tangu siku hiyo kabla sijagusa nanakili kila kitu kwenye faili lenye tarehe, na juu ya kila skripti naandika inafanya nini na nimeiweka lini. Pia ujue kwenye Koha za sasa ukiongeza DISABLE_SYSPREF_OPACUserJS=1 mwishoni mwa anwani baada ya alama ya kuuliza, ukurasa unafunguka bila skripti zako, hapo unajua tatizo ni lako au ni la sistimu.

Lingine ni apdeti. Koha inatoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na muundo wa kurasa unaweza kubadilika, kwahiyo skripti iliyokuwa inatafuta darasa fulani la CSS, yaani jina linalotambulisha sehemu ya ukurasa, ikifika halipo inakaa kimya tu, haikupi hata onyo. Sisi sasa tuna Koha ya pili ya majaribio kwenye kompyuta ya zamani ofisini, tunaapdeti ile kwanza, nabonyeza kila kitu kimoja kimoja, ndo tunakuja kwenye yenyewe.

Watu wananiuliza plagini, zile programu ndogo za nyongeza, je? Plagini zina nguvu zaidi, zinafanya kazi ndani ya seva na zinaweza kugusa databesi, ila lazima ziruhusiwe kwenye koha-conf.xml, faili la mipangilio lililoko kwenye seva, na hapo unamhitaji mtu wa IT. Kwa maktaba isiyo na fundi wake, kiboksi kinatosha kwa mambo mengi ya kumsaidia msomaji.

Mimi naipa nyota nne kwa tano, moja nimeitoa kwa sababu ya ule ukimya wake baada ya apdeti. Ukitaka kuanza anza na ramani ya rafu, kesho asubuhi kabla hamjafungua chukua daftari uzihesabu.