Gundi ipi ununue kwanza (ushauri wa mtu aliyeungua paja)

Jamani kabla hujasimama dukani pale Ngamiani, hapa kwetu Tanga, ukasema "nipe gundi kali", ngoja kwanza. Mi nilisema hivyohivyo nikaishia kuvua msuli niliojifunga na kuutupa ukumbini mbele ya mama mkwe. Nilikuwa kwenye mkeka naunga mshikio wa kikombe chake, tyubu ya supa gluu ikagoma, nikaiminya kwa hasira, ikatema yote pajani. Msuli wenyewe ni wa pamba, na supa gluu nyingi ikilowa kwenye pamba inachemka jamani, inatoa mpaka moshi, nikadhani nimeangukiwa na kaa la moto. Mkwe akageukia ukutani, "mwanangu, mafundi si wapo?" Alama ninayo mpaka leo.

Tangu hapo nimenunua karibu kila aina. Kosa letu ni kuuliza ipi kali, wakati swali ni kitu gani kimevunjika na kitakutana na nini, maji, jua au vishindo.

Namba moja kwangu ni ile ya tyubu mbili, tunaita Araldite hata ikiwa ya kampuni nyingine. Inashika chuma, kigae, glasi, mbao, inajaza na pengo, na haikuharakishi, ukibandika upande unanyoosha. Piga msasa kidogo, futa vumbi na mafuta, minya sawa kwa sawa kwenye kipande cha boksi, koroga mpaka rangi iwe moja. Kuna watu wanazidisha ile tyubu ya kukaushia ati iwahi, matokeo yake inabaki laini kama jojo, haikauki leo wala kesho. Ipo ya dakika 5 na ipo ya polepole, chukua ya polepole, kiache kitu mpaka kesho yake na usikijaribujaribu. Ila moto haiwezi, mshikio wa sufuria peleka kwa fundi apige ribiti.

Namba mbili gundi ya viatu, ile ya njano ya kopo. Soli, mkanda, raba, chochote kinachopinda, maana hizi nyingine zikikauka zinakuwa ngumu, ukikunja tu zinapasuka. Siri yake ni uvumilivu, unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa kidole hakinati, ndo unabandika na kugonga nyundo. Mkibandika mbichi msilaumu kopo. Harufu yake kali na inashika moto haraka, kwa hiyo fungua madirisha, kaa mbali na jiko la mkaa, na watoto wasiione kabisa. Kama ni kiatu kimoja tu usinunue kopo, mpe fundi viatu.

Supa gluu naiweka ya tatu, najua mtabisha. Harry Coover na wenzake kule Marekani waliikuta mwaka 1942 wakitafuta plastiki angavu ya kulengea shabaha kwenye bunduki, ikawa inanata kila mahali wakaachana nayo, dukani ikaja kufika 1958. Inakaushwa na unyevunyevu, ndo maana vidole vinashikana chap, na hewa yetu hii ya bahari ukishaitoboa tyubu wiki chache tu jiwe. Nunua ndogo kabisa, hiyo kubwa utaitupa. Inafaa vipande vidogo vinavyokutana vizuri, mfuniko wa rimoti, sanamu, kifungo cha mkoba. Tone moja linatosha, ukizidisha ndo haishiki.

Vidole vikigandana usivute, ngozi itabaki huko. Loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, zungusha taratibu kama unasokota uzi, au asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, lakini asetoni isikaribie macho wala mdomo. Ikiingia jichoni usilifungue kwa nguvu, osha kwa maji mengi uende hospitali ya Bombo moja kwa moja, habari ya kuuliza jirani acha.

Nne gundi nyeupe ya seremala, nzuri kwa stuli na droo tu, ila uifunge kamba ikae imebanwa, na isikae kwenye maji.

Halafu ndoo na beseni. Wauza duka wengine watakwambia inashika, haishiki, zile plastiki laini za kuteleza gundi zote hizi zinabanduka kama ganda la ndizi, nimejaribu mpaka aibu. Tafuta fundi anayechomelea plastiki kwa chuma cha moto au nunua nyingine.

Kikombe cha mkwe nilikiunga tena kwa tyubu mbili, kimeshika, ila anawekea sindano na vifungo. Chai kagoma kunywea humo na hapo simbishii, gundi hizi si za chombo cha kulia.