Uzoefu wangu: kutembea kwa miguu hifadhini na watoto

Jamani juzi tumeenda ile ya kutembea kwa miguu hifadhini na mwongozaji, nikasema niandike mapema maana kuna wazazi wananiuliza kama watoto wadogo wanaiweza. Wanaiweza kabisa, ila mwongozaji ndo kila kitu.

Mi nilikuwa na wangu wawili, wa miaka 5 na wa 9. Nilijua tutatembea weee tuone wanyama tupige picha turudi, kumbe masaa mawili na zaidi hata kilomita mbili hatukufikisha! Twiga tulimuona mmoja tu, tena kwa mbali, shingo imetokeza juu ya miti. Lakini watoto hawana habari na twiga, stori yao ni mavi ya fisi, yaani meupe kama chokaa, mkubwa akauliza baba nani kamwaga chokaa huku, mwongozaji akamwambia fisi anatafuna mpaka mifupa ndo maana mavi yakikauka yanakuwa hivyo. Hapo hapo pembeni akawaonyesha na nyayo, ya fisi ina alama za kucha na ya chui haina kwa sababu chui akitembea kucha anazificha, basi kuanzia hapo kila alama ya chini lazima wachuchumae waangalie kama kuna kucha.

Halafu kuna vile vishimo vidogo vya mchangani vilivyokaa kama faneli, mi toka utoto naviona sikuwahi kujua ni mtego. Mdudu anajifukia kule chini kabisa, sisimizi akiteleza pembeni anarushiwa mchanga ili aporomoke. Tulikaa hapo kama dakika kumi hivi tumeinama wote, sisimizi mmoja anapanda anashuka anapanda, yule wangu wa miaka 5 kakunja ngumi kabisa anamuombea, na yule dada mwongozaji hakuangalia saa hata mara moja. Hicho ndo nilichokipenda kuliko vyote.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana sehemu nyingine tulichanganywa na kundi la watu wazima watupu, mwongozaji anakimbizana na wanyama wakubwa, watoto wanaburuzwa nyuma, mkubwa akaishia kulia na sisi tukaishia kubeba. Kwahiyo kabla hujalipia uliza kama familia wanatoka peke yao na kundi lina watu wangapi, sisi safari hii tulikuwa saba tu.

Kasoro: hatukuambiwa mapema kwamba njiani hakuna choo, na kwa mtoto wa miaka 5 hilo sio dogo. Pia vaeni suruali ndefu na soksi, nyasi zina kupe, mi nilimtoa mmoja kwenye soksi ya mtoto. Kigari cha mtoto sahau kabisa, anayenyonya bora umbebe mgongoni. Na mkiweza chukueni ile ya asubuhi na mapema, jua likishapanda wanyama wanajificha kivulini na watoto wanachoka haraka.