Kitabu cha Kwanza cha Mtoto Mchanga: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Mama mkwe alinikuta nimemshikia mjukuu wake kitabu mbele ya macho, mtoto ana wiki saba. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huyu hata shingo haijakaza, anasoma nini?" Nikamwambia hasomi, anaangalia. Basi akavuta pindo la kanga yake, akalipitisha taratibu mbele ya uso wa mtoto, na yule mtoto akalifuata kwa macho toka upande mmoja hadi mwingine. Kitabu changu cha shilingi 12,000 hakikuwa kimeangaliwa hivyo hata mara moja. "Haya, na hiki nacho kitabu," akasema. "Tena kina maandishi."

Sikuwa na la kujibu. Mtoto wa umri ule anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, takriban umbali wa kutoka kwenye titi hadi uso wa mama, na kinachomvuta ni rangi zinazopingana: nyeusi juu ya nyeupe, nyekundu juu ya nyeupe. Kanga yenye pindo kali ina vyote hivyo, na jina lake unaweza kumsomea kwa sauti. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa mwongozo huu wa kununua ni kwamba mpaka mtoto afike miezi mitatu hivi, usinunue kitu. Msomee kanga. Msomee hata kifuko cha unga wa uji. Anachotaka ni sauti yako.

Kusoma mapema kwenyewe si mbwembwe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2014 kwamba wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu uchanga. Waingereza walianza hata kabla: Birmingham, mwaka 1992, mpango wa Bookstart ulianza kugawa vitabu bure kwa familia zenye watoto wachanga. Sisi hatugawiwi, tunatoa mfukoni, kwa hiyo tuchague vizuri. Nimenunua vya kutosha, vingine kwa kujuta, na huu ndio mpangilio wangu kuanzia kinachostahili hela yako hadi kinachostahili kubaki dukani.

1. Kitabu cha kurasa ngumu

Ni kile cha kurasa za boksi nene, kidogo kama kiganja au sahani ya chai, kurasa zake mara nyingi hazizidi kumi na mbili. Nimekipa namba moja kwa sababu ambayo wauzaji hawaisemi: kinasimama chenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipande vipande. Mtoto wangu alikuwa hataki. Dakika ya pili analia. Nikafungua kitabu kidogo, nikakisimamisha juu ya mkeka mbele yake kama paa la nyumba, na yeye akainua kichwa kumwangalia kuku wa ukurasa wa tatu. Tukatoka dakika mbili tukafika tano, halafu nane. Kitabu cha kitambaa kinalala, cha karatasi kinajifunga. Hiki kinasubiri.

Akifika miezi sita anakishika kwa mikono miwili na kukipeleka mdomoni moja kwa moja. Mwache, ndivyo anavyokisoma. Kati ya miezi tisa na mwaka anaanza kufungua kurasa mwenyewe, mbili tatu kwa mpigo, na hapo ndipo unene wa boksi unalipa.

Dukani, kikague hivi. Pinda uti wake mpaka mwisho: ukisikia gundi inalia, kiweke chini. Pitisha kidole kwenye pembe, ziwe za mviringo. Ndani utafute picha moja kubwa kwa kila ukurasa, isiyojazana na vikorokoro: mpira, paka, kikombe, na zaidi ya vyote sura za watoto. Watoto wachanga wanapenda sura kuliko kitu kingine chochote.

Bei ndipo penye maumivu. Vipya katika maduka makubwa ya vitabu vya Dar ni ghali, na vingi ni vya Kiingereza. Mimi nimevipata kwenye mitumba, kwa wale wanaouza midoli iliyochanganywa na viatu vya watoto. Inabidi uchimbe. Siku moja niliondoka na vitatu kwa shilingi 5,000. Nyumbani nilivifuta kwa kitambaa chenye sabuni, kimekamuliwa barabara, nikavianika kivulini, maana boksi likilowa linavimba kama andazi. Kile kilichokuwa na kona iliyotafunwa tayari na mtoto wa kwao nilikikata kona zote nne kwa mkasi.

Na Kiingereza kisikutishe. Hakuna sheria inayosema usome kilichoandikwa. Kuna ukurasa una mtoto anacheza kwenye theluji, na mimi kila siku nasema huyu anacheza kwenye unga wa sembe wa mama yake. Kama nyumbani mnaongea Kihehe, sema Kihehe.

2. Kitabu utakachotengenezesha steshenari

Hiki kingeweza kuwa namba moja, kasoro yake ni kwamba kinahitaji jioni yako moja. Chagua picha nane kwenye simu: baba, bibi, dada wa kazi, mbuzi wa jirani, kikombe chake mwenyewe. Zichapishe studio kwa saizi ya kawaida ya picha, halafu steshenari wakupigie laminesheni. Baada ya hapo usiruke hatua hii: plastiki ya laminesheni ina pembe kali kama wembe. Zikate kwa mviringo, na acha ukingo wa nusu sentimita pande zote ili mate yasiingie ndani. Zitoboe na uzifunge kwa utepe mfupi wenye fundo la kukaza. Utepe wowote kwenye kitu cha mtoto usifike shubiri moja, maana kamba ndefu inaweza kumzunguka shingoni. Usikubali ile baindi ya plastiki ya meno meno, inavunjika na kuacha ncha.

Faida yake huipati kwenye duka lolote. Vitabu vya nje vimejaa sura zisizofanana na za nyumbani kwetu. Hiki kina babu, na babu huyo yupo Tanga, na mtoto anamwona kila asubuhi. Tulipokwenda sikukuu hakumlilia hata kidogo.

3. Kitabu cha kitambaa

Kizuri kwa miezi minne hadi minane, kipindi cha udenda na ufizi unaowasha. Ni chepesi, akikidondosha usoni hakimuumizi. Kariakoo utavikuta kwenye maduka ya vifaa vya watoto, bei zikitofautiana sana kwa kitu kile kile, kwa hiyo usinunue duka la kwanza.

Jaribio langu ni leso nyeupe. Ilowanishe kwa maji ya kunywa uliyobeba, sugua pembeni mwa ukurasa mwekundu. Leso ikitoka na rangi, rangi hiyo ingeishia tumboni. Vuta mishono kwa nguvu, vuta kila jicho la kushonewa, kitufe na kilebo. Wengine wanaweka ndani nailoni inayochakacha ukiibana. Watoto wanaipenda sana, ila hakikisha imeshonewa pande zote. Kifue kabla ya matumizi, na wakati wa masika kianike juani mpaka kikauke hadi ndani, la sivyo kinapata ukungu na harufu ya kabati la zamani.

Kina udhaifu mmoja: ukilowa ukurasa mmoja, kitabu chote kinakuwa tambara. Nunua kimoja tu.

4. Vitabu vya hadithi vya karatasi

Hapa ndipo Kiswahili kipo. Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam walioanza mwaka 1991, wana vitabu vya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka huo huo, umesaidia kutoa vingi. Kwenye tovuti ya African Storybook kuna hadithi za Kiswahili za kusoma bure. Tatizo ni karatasi: mtoto wa miezi saba anachana ukurasa kwa sekunde na nusu yake anaimeza. Kwa hiyo kinunue, lakini kishike wewe, mtoto akiwa mapajani na mikononi ana kitu kingine cha kutafuna. Utasoma sentensi mbili tatu halafu atageuza kichwa au atapinda mgongo. Amechoka, funga. Dakika mbili zinatosha, na kesho mtaanzia popote.

Ukisoma, nyamaza kidogo baada ya kila sentensi. Atasema "abuu". Mjibu kama vile amesema jambo la maana.

5. Kitabu cha plastiki cha kuogea

Sipendi. Maji yanaingia kwenye tundu dogo, yanakaa humo, na baada ya mwezi ukikiminya kinatoa weusi. Halafu kuna kile kinachonuka. Plastiki laini nyingi hulainishwa kwa kemikali ambazo Umoja wa Ulaya uliziwekea mipaka mikali kwenye midoli kwa sheria ya mwaka 2005, na kinachouzwa barabarani bila alama wala jina la mtengenezaji huwezi kujua kimefuata sheria ya nani. Kikinuka, kiache.

6. Kitabu kinachoimba

Hiki nilikinunua kwa hela nzuri, kwenye duka lenye kiyoyozi, na siku ya tatu kifuniko cha betri kikafunguka chenyewe. Hakikuwa na skrubu, kilikuwa cha kubana tu. Ndani mlikuwa na betri tatu bapa za duara, zile kama za saa. Betri hiyo mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, ni hospitali muda huo huo, usingoje uone. Muuzaji alinibadilishia kwa kingine cha aina ile ile. Nilikubali kwa aibu, nikatoa betri nyumbani. Kama lazima ununue, kiwe cha skrubu, na ubebe bisibisi uhakikishe imekaza. Ila pia kinasema chenyewe, kwa hiyo wewe unanyamaza, na kilichokuwa kitamu kwa mtoto kimeondoka.

Simu na tableti sikuziweka kwenye orodha. Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema kabla ya mwaka mmoja, skrini isiwepo kabisa.

Ukibakiwa na chenji

Vya kuchezea ni rahisi zaidi. Vikombe vya plastiki vinavyoingiana, mpira wa kitambaa, manyanga yasiyo na kiungo cha gundi. Sufuria na mwiko unavyo tayari, na kujifunika kanga usoni kisha kujifunua hakuna bei. Kipimo cha ukubwa kipo chooni: bomba la ndani la karatasi ya chooni, kipenyo chake kama sentimita 4. Kitu kinachopenya humo kinaweza kumkaba mtoto.

Usinunue kile kigari cha magurudumu cha kumfundisha kutembea, hata wakikupunguzia nusu bei. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nacho ngazini, na hakimfundishi kutembea. Mtandikie mkeka. Weka kitabu upande wa pili, hatua mbili kutoka alipo, na umwache akifuate.

Cha kwetu kimeshaliwa kona mara mbili zaidi, na kila mara nakikata tena ili vipande visiingie mdomoni. Kuku wa ukurasa wa tatu hana mkia sasa, na mama mkwe ndiye anayemwekea sauti.