Trei za miche zilizoziba chini: hoho zangu zimeteketea

Watu wa Dodoma tunajuana, kwa hiyo jina la duka silitaji. Lakini hizi trei nyeusi za miche zinazouzwa jirani na soko la Majengo, zile nyepesi ambazo ukishika kona moja inapinda yote, zimenitia hasara. Na jibu nililopewa niliporudi kulalamika ndilo limeniuma kuliko hasara yenyewe.

Nalima hoho Nzuguni, bustani ya kumwagilia. Miaka yote nilikuwa nasia kwenye tuta. Trei nilizipendea kwenye maonyesho ya Nanenane, hasa kwa sababu ya maji: kiangazi tunanunua maji ya boza, na kwenye trei humwagilii udongo usio na mche. Halafu mbegu chotara ya hoho kwa bei ya sasa unaihesabu punje kwa punje, huwezi kuirusha tu kama mchicha.

Basi nikasia punje moja kila kishimo, nikapanga trei juu ya kichanja chini ya neti ya kivuli. Kuota, ziliota. Nilifurahi mno, nikawa nawaita majirani waje waone. Majani halisi yalipoanza kutoka ndipo nikaona mabaka: mche huu umesimama kijani, wa pili yake wa njano, wa tatu umelala, shina limenywea pale linapotokea kwenye udongo kama limekabwa na uzi. Kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga. Sasa jiulize: trei ni ile ile, udongo ule ule, na anayemwagilia ni mimi mmoja.

Nikainyanyua trei, nikatazama chini yake kuelekea juani. Vishimo vingi, karibu nusu, havikuwa na upenyo. Tundu la kutolea maji lilikuwa limechorwa tu, juu yake imebaki ngozi nyembamba ya plastiki ambayo mashine haikuitoboa. Nikaanza kulinganisha kimoja kimoja. Walio na njano na waliolala, karibu wote walikaa juu ya tundu lililoziba.

Tundu lile si urembo. Maji yakikosa pa kutokea, mizizi inakosa hewa na kinyausi kinapata makao. Tena mzizi ukifika kwenye tundu lililo wazi, ncha yake inakaushwa na hewa, mche unatoa mizizi mingine ubavuni na donge linashikana vizuri. Pameziba? Mzizi unazunguka chini kwa chini. Na siku ya kuhamisha, mche unausukuma kwa kijiti kutokea chini. Mimi ilibidi nivute kwa shina. Shina mkononi, mizizi imebaki kwenye trei. Niliumia sana.

Haki niiseme: miche ya vishimo vilivyotobolewa ilitoka imara, na shambani ilishika upesi kuliko ya tuta niliyowahi kuotesha. Kwa hiyo trei kama trei, nazikubali. Ila hata zingetobolewa zote, trei ya vishimo 200 kama hizi zangu, kwa hoho ni kubananisha. Hoho inakaa kitaluni wiki 4 hadi 6, udongo ni kiganja cha mtoto, majani yanazibana, mche unarefuka kutafuta mwanga. Na upepo wetu huu, mistari ya pembeni saa sita mchana imeshakauka. Kwa hoho chukua vishimo 128, au 72 ukitaka mche mnene. Muuzaji hata hakuniuliza naotesha nini.

Nikairudisha trei dukani, nikamwonyesha kijana. Hakuishika. Akasema mbegu zangu mbovu. Nikamwambia, mwanangu, mbegu mbovu itajuaje tundu lipi limeziba? Akanijibu mbele ya wateja: "Mama, umeuziwa trei, hukuuziwa matundu. Chukua msumari katoboe." Kisha akageukia simu yake.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba zinafaa ukizitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. Nafuta. Nilijaribu; plastiki yenyewe imekakamaa kwa jua, ukitoboa inapasuka hadi pembeni, na ukinyanyua trei iliyolowa inakatika mkononi. Hazifai hata kwa kabichi.

Duka lile sirudi, hata wakinirudishia hela. Trei nyingine nitanunua, za vishimo 128 za plastiki nene, kwa sababu ile miche iliyopona nimeiona kwa macho yangu. Ila muuzaji aniruhusu kwanza nizitoe nje nizitazame moja moja kwenye mwanga. Akikataa, abaki nazo. Tuta langu bado lipo.